Herufi, Mahali na Saa: Juu ya Filamu Zilizokwamishwa na Namna ya Kuzihakiki

1. Utangulizi

Mhakiki wa riwaya huletewa kitabu kikiwa kimekwisha kuchapwa. Mara nyingi hajui, wala hajali kujua, kama mwandishi alikiandika kwa mwanga wa kibatari au wa umeme, kama alikuwa akidaiwa kodi ya nyumba au alikaa raha mustarehe. Mhakiki wa filamu hana bahati hiyo. Filamu ni kazi ya watu wengi na ya fedha nyingi. Yahitaji ruhusa ya serikali, ardhi ya kupigia picha, majumba ya kuionyesha, na siku ya kuitoa. Ikikwama katika lolote kati ya hayo, habari za kukwama kwake huitangulia mbele, zikamfikia mtazamaji kabla ya picha ya kwanza. Basi filamu huhukumiwa kabla haijaonekana.

Kutokana na hali hiyo yamezuka makosa mawili katika uhakiki. Kosa la kwanza ni kuuchukua mkosi wa filamu kuwa ndio ila yake. Haikupata watazamaji, basi haikuwa na thamani. Ilipigwa marufuku, basi lazima ilikuwa na ubaya. Kosa la pili huvaa joho la huruma, nalo ni kuisamehe filamu kila kasoro kwa sababu imeteswa, kana kwamba mateso ni cheti cha ubora. Makosa haya mawili yaonekana kupingana, lakini asili yao ni moja. Yote mawili huyaacha yaliyomo katika kazi yakashika habari za kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matata ya utengenezaji na ubaya wa wakati si mambo ya nje tu. Huingia ndani ya kazi yenyewe, na mlango mmojawapo mkubwa wanaoingilia ni lugha. Ikiwa ndivyo, wataalamu wa lugha hawana budi kuacha kuwaachia wengine uwanja huu. Tutazichunguza filamu tatu: Ceddo (1977) ya Ousmane Sembène, Sarraounia (1986) ya Med Hondo, na The Message (1976) ya Moustapha Akkad. Ya kwanza ilikwamishwa na herufi, ya pili na mahali, na ya tatu na saa.

2. Ceddo: Herufi

Ceddo ni filamu ya Senegal iliyoigizwa kwa Kiwolofu. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Katika ufalme ambao wakuu wake wamesilimu, raia wanaoshikilia desturi za wazee wao, ndio wale maceddo, wanalazimishwa kuifuata dini ya mtawala. Kwa kupinga jambo hilo wanamteka binti mfalme, Dior Yacine. Huku nyuma imamu anazidi kujipatia nguvu mpaka anakikalia kiti cha enzi, na mwishowe binti mfalme anampiga risasi mbele ya hadhara. Kando ya mambo yote hayo wamekaa Wazungu wawili, mfanyabiashara wa watumwa na padri, ambao karibu hawasemi neno, lakini bunduki na pombe za mmoja wao zasema kwa niaba yao.

Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor iliizuia filamu hii. Sababu iliyotolewa haikuwa binti mfalme wala imamu, bali tahajia. Kwa mujibu wa amri ya serikali juu ya maandishi ya Kiwolofu, neno lile lilipaswa kuandikwa kwa d moja, yaani cedo. Sembène aliandika mbili, akakataa kuifuta moja. Filamu ilibaki imefungiwa nchini mwake hadi Senghor alipokwisha kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 1980.

Msomaji asiyejishughulisha na isimu aweza kucheka. Sisi haitupasi kucheka. Katika Kiwolofu urefu wa konsonanti hutenganisha maana: gën ni kuwa bora zaidi, na gënn ni kinu. Kwa hiyo swali la d moja au mbili si la pambo. Ni swali la kama maandishi yatakuwa shahidi wa sikio la wasemaji au wa uamuzi wa ofisi. Sembène hakuwa mgeni katika swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walianzisha jarida la Kiwolofu lililoitwa Kaddu, ambalo jina lake lina d mbili zilezile. Katika mgogoro huohuo gazeti la Cheikh Anta Diop lililoitwa Siggi lililazimika kubadili jina likawa Taxaw.

Sisi wenyewe tunao mfano wa karibu. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haionyeshi mpumuo, ijapokuwa wasemaji wa Mombasa na Lamu hutofautisha kwa mpumuo huo paa la nyumba na paa wa porini. Tumezoea. Hata hivyo, tujiulize tungesema nini kama msanii wa Mombasa angeandika jina la filamu yake kwa kuonyesha mpumuo, na filamu nzima ikafungiwa kabatini kwa ajili ya alama hiyo moja.

Wako wanaosema kwamba tahajia ilikuwa kisingizio tu, na kwamba kilichoogopwa ni namna filamu inavyoeleza kuingia kwa Uislamu, katika nchi ambayo raia wengi ni Waislamu na rais wake alikuwa Mkatoliki. Yawezekana sana. Lakini hata kisingizio huchaguliwa. Dola iliyotaka kuizuia filamu bila kuonekana inaogopa maudhui yake iliona kwamba lugha ndiyo mahali ambapo ingeweza kuamuru na amri yake ikaonekana halali. Hilo latufundisha mengi juu ya hadhi ya lugha zetu: mwenye dola huziona kuwa mali yake ya kugawa na kupunguza.

Tena, mgogoro ule wafanana mno na filamu yenyewe. Katika baraza la Ceddo mtu hasemi na mfalme moja kwa moja. Maneno hupitia kwa Jaraaf, msemaji wa baraza, ambaye huyapokea na kuyafikisha. Kadiri kisa kinavyoendelea, imamu analiteka baraza, na wale waliokuwa na haki ya kusema wanavuliwa majina yao na kupewa mapya. Filamu ni hadithi ya nani anamiliki usemi, na amri ya tahajia ikawa kama sura ya mwisho ambayo mwongozaji hakuiandika.

Sasa tugawe haki. Baadhi ya watazamaji huona maonyesho ya baraza ni mazito na ya polepole. Uzito huo hautokani na uhaba wa fedha wala na marufuku. Ni fani iliyochaguliwa, kwani usemi unaopitishwa kinywa hadi kinywa hauwezi kwenda mbio. Lakini imamu amechorwa kwa rangi moja tu, hana shaka wala huruma hata chembe, na waumini wake wengi hawana sura. Kasoro hiyo ni ya msanii, na hakuna marufuku iwezayo kuifuta. Wanaoitetea filamu kwa sababu ilionewa hawana budi kuikubali.

3. Sarraounia: Mahali

Filamu ya pili yatupeleka mashariki zaidi, katika nchi ambayo leo ni Niger. Mwaka 1899 kikosi cha Kifaransa kilichoongozwa na makapteni Paul Voulet na Julien Chanoine kilipita katika eneo hilo kikichoma vijiji na kuua watu, hata serikali yao wenyewe ikamtuma Luteni Kanali Klobb kuwakamata. Klobb aliuawa kwa amri ya Voulet, na muda si mrefu makapteni wote wawili wakauawa na askari wao. Kabla ya hayo, katika Aprili, kikosi kilipambana huko Lougou na Waazna waliokuwa chini ya mtawala wa kike, Sarraounia. Abdoulaye Mamani wa Niger aliandika riwaya juu yake kwa Kifaransa iliyotoka mwaka 1980, na Med Hondo, mwongozaji mzaliwa wa Mauritania, akaichukua riwaya hiyo kuwa msingi wa filamu.

Ilikusudiwa kwamba picha zipigwe Niger, mahali pa tukio. Ruhusa ikaondolewa. Hondo akahamia Burkina Faso, ambako serikali ya Thomas Sankara ilimpokea na kumsaidia. Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa msanii, na ushujaa ulikuwapo. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuuliza swali ambalo wasimuliaji hawaliulizi: filamu ilipohama, ilianza kusema kwa lugha gani?

Jina lenyewe ni la Kihausa, na maana yake ni malkia. Lougou imo katika eneo la Kihausa. Lakini lugha za Kiafrika zinazosikika katika filamu ni Kijula na Kifulani, pamoja na Kifaransa cha maofisa. Hivyo malkia huyu amesafiri safari ndefu. Alitoka katika masimulizi ya watu wa kwao, akaingia katika Kifaransa cha riwaya, akatokea kwenye kitambaa cheupe akiwa na jina la Kihausa na ulimi wa Kijula. Aliyekinyima kikundi kile cha wasanii ardhi alikinyima na lugha pia.

Je, hii ni kasoro ya filamu? Nionavyo mimi, ni jeraha, na jeraha si sawa na kasoro. Kasoro ni matokeo ya uteuzi mbaya wa msanii. Jeraha ni alama ya kitu alichofanyiwa. Tofauti hii ni muhimu, kwa maana mhakiki anayechanganya mambo haya humlaumu aliyepigwa kwa kuchechemea. Lakini kutaja kwamba ni jeraha hakutoshi. Yapasa kutazama msanii alilitendea nini. Hondo hakujaribu kulificha. Aliziacha lugha nyingi zisikike pamoja. Katika kikosi cha Voulet askari wengi ni Waafrika wanaoamriwa kwa Kifaransa, na lugha za filamu zatenganisha wenye amri na wenye kuamriwa kabla hata bunduki hazijalia. Aï Keïta, ambaye hakuwa mwigizaji mzoefu, anasimama mbele ya watu wake na kuwahutubia kwa utulivu ambao hauhitaji tafsiri. Kwa njia hiyo filamu iliyonyang'anywa lugha moja ikajenga maana yake juu ya uwingi wa lugha.

Hata hivyo kuna mahali ambapo jeraha lilibaki wazi. Malkia mwenyewe haonekani sana. Sehemu kubwa ya filamu yawafuata makapteni na wazimu wao, na ulimwengu wa Waazna, na imani zao, waonekana kwa mbali. Mtu aweza kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa lazima, kwa kuwa Waazna wenyewe hawakuwapo. Sikubaliani naye kabisa. Mizani hiyo ingeweza kurekebishwa katika mwongozo wa filamu, uwe wa kupigiwa picha Niger au penginepo.

Matata hayakuishia hapo. Filamu ilipotolewa Paris mwaka 1986 ilionyeshwa katika majumba machache, ikaondolewa baada ya muda mfupi. Mwaka 1987 filamu hiyohiyo, bila kubadilishwa hata picha moja, ilipewa tuzo kuu katika tamasha la filamu la Ouagadougou, FESPACO. Anayepima thamani kwa mapato ya tiketi na atueleze filamu hii ilipata wapi ubora wake kati ya mji mmoja na mwingine.

4. The Message: Saa

Filamu ya tatu inajulikana zaidi kwa wasomaji wetu wa pwani, kwani yahusu maisha ya Mtume Muhammad na kuanza kwa Uislamu. Moustapha Akkad, Msyria aliyeishi Marekani, aliitengeneza mara mbili kwa wakati mmoja, mara moja kwa Kiarabu na mara moja kwa Kiingereza. Hakuweka sauti mpya juu ya picha zilezile. Alitumia waigizaji mbalimbali katika maonyesho yaleyale. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn, na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Hind wa Kiingereza ni Irene Papas, na wa Kiarabu ni Muna Wassef. Kazi ilianzia Morocco, ambako mji wa Makka ulijengwa upya kwa ajili ya picha. Shinikizo kutoka Saudi Arabia likaifanya Morocco iwasimamishe, na upigaji picha ukamaliziwa Libya.

Kwa mwanafunzi wa tafsiri filamu hizi mbili ni hazina adimu, kwa maana ni matini mawili yasiyo na asili wala nakala. Mfano mmoja watosha. Mapokeo yamhifadhi Bilali akiteswa chini ya jiwe huku akitamka neno moja, Ahad. Msikilizaji wa Lamu au wa Zanzibar, hata kama hajui Kiarabu, analijua neno hilo tangu chuoni. Katika Kiarabu neno lafika kama lilivyopokewa. Likifasiriwa, maana yake yabaki, lakini mwangwi wa vizazi vilivyolitamka haupo tena. Hivyo filamu mbili zenye seti moja, mavazi yaleyale na muziki uleule wa Maurice Jarre hazina uzito mmoja. Mhakiki anayesema kwamba ameitazama The Message hana budi aulizwe ameitazama ipi.

Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera yachukua nafasi yake. Watu husema wakiielekea, na majibu yake huelezwa na wengine. Mbinu hii haikuzaliwa na matata ya kazi. Ni heshima iliyopangwa tangu mwanzo, nayo yafanya jambo ambalo tumeliona pia katika baraza la Ceddo: usemi mkuu hupita kwa wapokezi. Ndani ya mbinu hii ndimo ilimo nguvu ya filamu, na ndimo ulimo udhaifu wake. Kwa kuwa kitovu hakionekani, uzito wote wa tamthilia waangukia kwa Hamza. Hamza anauawa katika vita vya Uhud, na baada ya hapo filamu yabaki na safari ndefu bila mtu wa kuibeba. Kasoro hiyo isitiwe katika hesabu ya Morocco. Ingekuwapo hata kama kazi ingemalizika kwa amani palepale ilipoanzia.

Lakini si kasoro hiyo iliyoihukumu filamu ilipotoka. Huko London mwaka 1976 jina lake la kwanza, lililomtaja Mtume, lilibadilishwa kwa sababu ya vitisho. Ulienea uvumi kwamba Quinn anaigiza kama Mtume, jambo ambalo halikuwa kweli. Kisha mwezi wa Machi 1977, wakati filamu ilipokuwa inaanza kuonyeshwa Marekani, watu wenye silaha waliteka majengo matatu katika mji wa Washington, wakawashika mateka watu zaidi ya 100. Mwandishi wa habari mmoja kijana aliuawa. Dai lao kubwa lilihusu mauaji ya jamaa wa kiongozi wao yaliyotokea mwaka 1973, lakini miongoni mwa madai yao lilikuwamo pia la kuondolewa kwa filamu. Ikaondolewa. Saa ilikuwa imekwisha kuipita, na iliporudishwa ilirudi na jina la maafa ambayo haikuyasababisha.

Sasa tuutazame mwisho wake. Filamu iliyokatazwa kwa niaba ya Uislamu imekuwa ikionyeshwa katika televisheni za nchi nyingi za Kiislamu, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Katika Juni 2018, Saudi Arabia ilipokuwa imefungua tena majumba ya sinema, The Message ilionyeshwa humo. Miaka 42 ilikuwa imepita. Filamu ilikuwa ileile, ila wakati ulikuwa umebadilika. Akkad hakuishi kuiona siku hiyo. Alikufa Novemba 2005 kutokana na mashambulio ya mabomu katika mahoteli ya Amman, ambayo pia yalimuua binti yake.

5. Hitimisho

Kutokana na filamu hizi tatu twaweza kutoa mapendekezo machache. Kwanza, mhakiki aitenge hatima ya filamu na ubora wake, lakini asiitupe hatima hiyo; aichunguze kama sehemu ya historia ya matini. Pili, apambanue kasoro na jeraha. Imamu wa rangi moja katika Ceddo ni kasoro. Ulimi wa Kijula wa malkia wa Lougou ni jeraha. La kwanza lalaumiwa, la pili laelezwa. Tatu, kila filamu iliyokwamishwa iulizwe: ingesema lugha gani kama isingezuiwa, na sasa inasema lugha gani? Nne, hukumu iliyotolewa katika saa mbaya isihesabiwe kuwa ya mwisho. Filamu ina haki ya kukatiwa rufani.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka uleule wa 1977 ambapo Ceddo iligombaniwa kwa ajili ya herufi, hapa Kenya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulinyimwa kibali katika Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Si ajabu basi kwamba baadaye, mwaka 1994, yeye na Manthia Diawara walishirikiana kutoa filamu ya kumbukumbu juu ya kazi ya Sembène. Mtu aliyezuiwa kwa sababu ya lugha alimtambua mwenziwe.

Katika idara zetu tunawafundisha wanafunzi kuhakiki tenzi zilizotufikia zikiwa zimepotea beti, na hatuzidharau kwa ajili ya beti zilizopotea, wala hatuzitungii sifa zisizo nazo. Twauliza kilichopotea ni nini, kilipoteaje, na kilichobaki chasimama namna gani. Filamu iliyokwamishwa yastahili adabu hiyohiyo. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Filamu hizi zilikwisha kunyongwa na wengine kabla hazijatufikia. Iliyobaki ni haki yao, na hiyo ni kazi yetu.